Boksi la sabufa: geuza uso nyuma, halafu lisogeze nyuma

Asalam aleikum Malindi! Na nyinyi wa Mambrui, Gede na Watamu, msijione mumesahaulika. Huku Sharjah ni saa nne usiku na joto bado halijaondoka, kwa hivyo mkiona jasho kwenye kamera mnisamehe. Leo ni lile swali mnaloniuliza kila wiki: boksi la sabufa, ile spika kubwa ya besi, lielekee wapi? Mbele kwa abiria, au nyuma kwa mlango wa buti?

Kwa Probox, Noah, Fielder, na gari lolote ambalo buti na viti ni chumba kimoja: uso wa spika uangalie nyuma, na boksi lenyewe lisogee nyuma. Yote mawili. Ukigeuza uso halafu boksi ukaliacha limeegemea kiti, umefanya nusu ya kazi.

Najua kuna atakayesema, "Si ukinielekezea mimi ndio nitasikia zaidi?" Kwa twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndio. Twita ni kama tochi, inamulika inakoangalia. Besi si tochi. Wimbi la hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, na Probox nzima, bampa hadi bampa, ni mita 4 na kidogo. Wimbi kubwa kuliko gari lenyewe halielekezwi popote, linajaa kila kona. Sasa, wewe uliyekaa kwenye usukani unasikia sauti mbili: ile iliyotoka kwenye koni, ule uso wa spika unaotikisika, ikaja kwako, na ile iliyokwenda nyuma ikagonga mlango wa buti ikarudi. Mmeshaona bahari ikipiga ukuta halafu maji yanayorudi yanakutana na yanayokuja? Kilele kikikutana na kilele, maji yanaruka. Kilele kikikutana na bonde, yanatulia. Kwenye gari, pale yanapotulia ndipo besi inapopotea.

Shikeni futi kamba. Mnaona hapa, naanzia kwenye uso wa koni mpaka bati la mlango wa nyuma, mlango umefungwa. Chukua mita ulizopata, zidisha kwa 4, halafu gawa 345 kwa jibu lako. 345 ni mwendo wa sauti, mita kwa sekunde. Boksi limeegemea kiti na linaangalia mbele, hapo kuna kama mita 1. Mita 1 mara 4 ni 4, na 345 gawa kwa 4 ni hezi 86. Shimo, yaani pale besi inapopotea, liko hapo hezi 86, pale pale lile teke la ngoma linapokaa! Ndio maana unaongeza geni, ile nguvu ya amplifaya, unaongeza, vioo vinatetemeka na teke hulipati.

Geuza boksi, lisukume nyuma mpaka koni iwe sentimita 30 kutoka mlangoni. Piga hesabu tena: hezi 287. Shimo bado lipo, lakini liko juu mahali ambapo sabufa haiimbi, kwa sababu LPF, ile swichi ya amplifaya inayozuia sauti za juu zisifike kwenye sabufa, umeikata kwenye 80. Umeikata, sivyo? Gari si maabara, dari na viti vitasogeza hizo namba kidogo. Hesabu inakuambia uanzie wapi, masikio yanamalizia.

Usilibane hadi ligusane na mlango. Nafasi ya shubiri moja inatosha, kwa sababu koni inakwenda mbele na nyuma na inataka hewa. Kama boksi lina tundu la kupumulia hewa, na tundu liko upande huo huo, uwazi usipungue upana wa tundu: paipu ya inchi 4, acha inchi 4, na mimi ningeacha 6. Ukipakia magunia ya maembe mbele yake, boksi linapumua kwa shida, utasikia fuf-fuf kila besi ikishuka.

Kujaribu sasa. Kosa ninaloliona kwenye video mnazonitumia ni lile lile: fundi amefungua buti, amesimama nyuma ya gari, anatingisha kichwa. Hapo anasikiliza barabara! Ukifungua mlango umeondoa ukuta na umetoa ule mgandamizo wa hewa unaoipa besi nguvu ndani ya gari. Funga milango na vioo vyote, kaa kwenye kiti cha dereva, cheza toni ya hezi 80, kisha 60, kisha 40, na mwenzio alisogeze boksi shubiri moja moja. Geni usiiguse. Programu ya simu ya kupima sauti inafaa kulinganisha tu, maana maiki ya simu ni dhaifu kwenye besi ya chini.

Ukishapata mahali, badilisha waya za sabufa, chanya na hasi zipishane. Usiruke hii. Nusu ya wimbi la hezi 80 ni mita 2 na sentimita 15. Kama sabufa iko mbali nawe kuliko spika za mlango kwa kama mita 2, sauti yake inafika imechelewa nusu wimbi na zinauana. Ukipishanisha waya, zinakubaliana. Jaribu pande zote mbili kwa toni ya hezi 80 huku spika za mlango zinacheza, na ubakishe palipo na sauti kubwa.

Wenye Premio na Axio, buti yenu ni chumba cha peke yake. Boksi nyuma, uso kwenye taa za nyuma, na namba pleti uibandike sponji isipige kelele. Ukitaka lielekee mbele, laza kiti na uzibe mianya yote kati ya boksi na mwili wa gari kwa sponji nzito. Ukiacha mwanya, sauti ya buti inapenya na kuiua ile ya mbele.

Halafu lifunge. Boksi la MDF la milimita 18 lenye spika ya inchi 12 linaweza kufika kilo 25, na breki ya ghafla kule barabara ya Garsen italituma kisogoni mwako. Vyuma vinne vya pembe, bolti za spana 13. Kabla ya kutoboa sakafu, ingia chini ya gari uangalie tangi la mafuta na paipu za breki. MDF ipake rangi pande zote, hata kingo za tundu, chumvi ya Malindi inaivimbisha.

Wa tuktuk, hesabu hii si yenu. Hamna mlango wala ukuta, besi inamwagika nje pande mbili, na boksi lililozibwa la inchi 12 litawatia hasara. Tafuteni boksi lenye tundu, chini ya kiti cha abiria, tundu lisizibwe na miguu ya watu.