Twende Yakushima Tukauone Mti wa Jomon Sugi

Ndugu zangu huko nyumbani, hamjambo? Leo niko Yakushima, kisiwa cha kusini mwa Japani, na nawapeleka kwenye mti ambao nimeutamani tangu nihamie nchi hii.

Tumeanza kutembea alfajiri, tochi kichwani. Kwenda na kurudi ni kilomita 22, yaani kama saa 10 za mguu. Hebu tazameni ninapokanyaga: hii ni reli. Ilijengwa mwaka 1923 kwa ajili ya kusomba magogo, na sehemu kubwa ya safari tunaifuata yenyewe, juu ya mbao zilizolazwa katikati. Ikiisha, ndipo mlima unapoanza kukutoa jasho.

Mvua hapa ni ya mwaka mzima. Usije bila koti. Chini ni mwamba, rutuba haba, kwa hiyo miti hii ya sugi, inayofanana na mierezi, hukua polepole mno. Mbao yake inashikamana, inajaa utomvu, haiozi upesi. Ndiyo maana inaishi miaka na miaka.

Hapa niko ndani ya Kisiki cha Wilson. Ndani, jamani! Mzingo wake unakaribia mita 14, na kijito kinapita hapa miguuni pangu. Nikiielekeza kamera juu kutoka kona hii, uwazi unakuwa na umbo la moyo. Mnauona? Mti huu ulikatwa karne nyingi zilizopita. Misitu ya hapa ilivunwa sana enzi hizo. Wenyeji walipasua vigae vya mbao vya kuezekea na kuvitoa kama kodi.

Na sasa, mzee mwenyewe: Jomon Sugi! Urefu mita 25, mzingo mita 16. Wataalamu wanaukadiria umri wake kati ya miaka 2,000 na zaidi ya 7,000. Angalieni shina lilivyojaa vinundu na mikunjo. Hiyo ndiyo iliyomwokoa: mti uliojipinda hautoi vigae vilivyonyooka, wakata miti wakampita. Wenzake wengi walionyooka walikwenda na shoka. Machozi yananilenga, siwafichi.

Tunamtazama kutoka kwenye jukwaa hili kwa sababu wageni walikanyaga sana mizizi, udongo ukahama. Mkija, bebeni mifuko ya choo, maana vyoo njiani ni vichache, na nyani msiwape chakula. Haya, tushuke, basi la jioni halimsubiri mtu.