Hiyo dopamini yako umeipima wapi?

Haya tukae jamani, naanza na swali ambalo najua nusu yenu mmekuja nalo: dokta, dopamini naenda kupima wapi? Hakuna. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka. Dopamini ni kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, na wengi mnataka kuipima mkiamini kwamba sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, ni dopamini kuwa chini. Utatolewa damu, namba itatoka, na hiyo namba haitakwambia chochote kuhusu ubongo wako, maana dopamini haivuki ule ukuta unaotenga damu na ubongo, iliyoko kwenye damu ni ya hukohuko mwilini.

Sasa watafiti walifanyaje? Walichokoza. Unachukua apomofini, dawa inayojifanya dopamini na kukalia vipokezi vilevile, yaani sehemu za seli zinazopokea dopamini, unamchoma mtu dozi ndogo halafu unakaa unapima homoni. Kwa mwenye afya, homoni ya ukuaji inapanda, prolaktini, homoni ya maziwa, inashuka. Kwa nini prolaktini? Kwa sababu dopamini ya haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo inayoongoza homoni, ndiyo breki yake, na muda wote imekanyagwa. Ndo maana dawa za saikosisi, ile hali ya kuona au kusikia yasiyokuwepo, zinazoziba vipokezi vya D2, aina mojawapo ya vipokezi vya dopamini, zinaweza kumfanya mtu ambaye hajazaa atokwe maziwa, hata mwanaume, msicheke, nawaona. Na uvimbe wa pituitari, tezi ya chini ya ubongo, unaomwaga prolaktini unatibiwa kwa kabagolini, dawa ambayo kazi yake ni kuikanyaga breki hiyohiyo.

Mwenye sonona je? Hapa kila mtu anataka niseme “iko chini” tufunge tuondoke. Haiko hivyo! Tafiti nyingine ziliona homoni ya ukuaji inapanda kiduchu, hasa kwa waliowahi kujaribu kujiua, nyingine hazikuona tofauti yoyote. Kuna mtu atasema basi kipimo kibovu. Kina shida zake ndiyo, apomofini inatapisha, na kichefuchefu chenyewe kinapandisha kotisoli, homoni ya msongo, halafu umri, uzito, hedhi, vyote vinavuruga majibu. Lakini mimi kinachoniudhi ni kwamba tunamchukua asiyelala wala kula, tunamchanganya na anayelala kutwa na kula kupita kiasi, wote tunawaita wenye sonona, afu tunashangaa wastani hausemi kitu. Tena pituitari iko nje ya ule ukuta, kwa hiyo prolaktini inakupa habari za palepale pituitari, haikwambii kwa nini mtu amepoteza hamu ya kila kitu, hiyo ni njia nyingine kabisa ya dopamini.

Kotisoli nilitaka niiseme vizuri ila naonyeshwa saa, basi kwa kifupi: unampa mtu deksamethasoni, dawa inayofanana na kotisoli, miligramu 1 saa tano usiku, kesho yake kotisoli inatakiwa iwe imeshuka, na kwa baadhi ya wenye sonona kali haishuki. Miaka ya 1980 watu walishangilia, kipimo cha sonona tumepata! Kumbe wagonjwa wengi inawashuka vizuri tu, na wengine wasio na sonona kabisa haiwashuki. Mchezo uleule. Serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, naruka, mtanisamehe, yule wa nyuma aliyenyoosha mkono uliza.