Jinsi ya Kumpima Msimulizi: Nelly Dean katika Wuthering Heights

Karibuni, watazamaji. Leo tunapima kama tunaweza kumwamini Nelly Dean, mtumishi anayesimulia sehemu kubwa ya Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë iliyochapishwa mwaka 1847. Andaeni kitabu na penseli.

Kwanza, tambueni habari inapita kwa nani kabla ya kutufikia. Nelly anamsimulia Lockwood, mpangaji mgeni, naye Lockwood ndiye anayetuandikia. Huyu ni mwepesi wa kukosea: katika sura ya 2 anaona lundo la sungura waliokufa akadhani ni paka, kisha anamdhania msichana Cathy kuwa mke wa Heathcliff, mwenye nyumba anayompangisha. Anachekesha, ila hana hila.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Fungueni sura ya 9, inayorudi miaka ya nyuma, Catherine, mama yake Cathy, anapomwambia Nelly kwamba kuolewa na Heathcliff, aliyelelewa naye, kungemshushia hadhi. Pigieni mstari mahali Nelly anapotueleza kuwa alimwona Heathcliff akiinuka kwenye benchi na kutoka kimyakimya, kabla Catherine hajatamka jinsi anavyompenda. Sasa tazameni Nelly anavyomjibu Catherine anapouliza kwa nini ananyamazishwa: Nelly anasema Joseph, mtumishi mwingine, amefika, na Heathcliff ataingia pamoja naye. Simamisheni video mlisome jibu hilo mara ya pili. Sisi wasomaji ametuambia alichokiona, lakini Catherine, ambaye habari hiyo ilimhusu kuliko mtu yeyote, anaipata baadaye, Heathcliff akiwa haonekani tena.

Tatu, tenganisheni tendo na sababu inayotolewa. Katika sura ya 12 Catherine amejifungia chumbani siku tatu, na Nelly, akiamini kwamba anajisingizia, hamwambii Edgar, mume wa Catherine, lolote. Edgar anapomlaumu, Nelly anajitetea kwa kutaja ukaidi wa Catherine. Kwa maoni yangu, matukio anayoyasimulia yanaaminika, kwa kuwa hatuachi bila ushahidi hata unapomuumbua yeye mwenyewe. Sababu anazoyapa matendo yake ndizo za kutiliwa shaka.

Nne, tafuteni sauti isiyo yake. Barua ya Isabella, dada yake Edgar, katika sura ya 13 inafaa, ingawa hata hiyo tunaisikia kwa kuwa Nelly ameamua kuisoma.

Kwa zoezi, nendeni sura ya 21, Nelly anapozichoma barua ambazo Linton, mwana wa Heathcliff, alimwandikia Cathy, mkaandike pembeni ni mambo gani ambayo Edgar, baba yake Cathy, hakuambiwa, na ni nani aliyeamua asiambiwe.