Uchawi wa Bure Unaua Gemu

Haya jamani, na nyie mlioegemea dirishani sogeeni, sitaki kupiga kelele. Wanaonijua washajua ntasema nini juu ya hizi gemu zetu za mezani, za kuigiza wahusika kwa dadu na karatasi: uchawi wa bure unaua gemu. Nimelisema hapa Tanga mpaka watu wananikimbia na leo nalisema tena.

Sasa kuna mtu hapo moyoni anasema, mbona Dungeons & Dragons, gemu ya aina hiyo hiyo, uchawi wake una bei? Haya, tuitazame hiyo bei. Gygax na Arneson walipoitoa mwaka 1974 wazo lilitoka kwa mwandishi wa hadithi Jack Vance: mchawi anakariri uganga wake, akishautumia unamtoka kichwani mpaka aukariri upya. Toleo la tano la 2014 wakalainisha, mchawi wa ngazi ya tano anaweza kulipua mpira wa moto mara mbili, dadu nane za pande sita kila mlipuko, halafu analala masaa manane anaamka navyo vyote. Hiyo bei gani? Hiyo ni vocha inayojiweka yenyewe alfajiri! Yeye anahesabu dadu, wenzie wanachati.

Mimi nataka bei inayomuuma mchezaji mwenyewe, pale pale mezani. Na sisi watu wa pwani twaazima nini, miiko tumelelewa nayo. Kwenye gemu yetu kuna kijana mhusika wake ni mganga, mwiko aliouchagua mwenyewe: akiitwa usiku haitiki wala hageuki mpaka aitwe mara ya tatu. Akiuvunja, uganga wote umekwisha. Alidhani amepata rahisi. Basi siku hiyo wanavuka Mto Pangani usiku kwa mtumbwi kwenda Bweni, mwenzie akateleza majini. Akamwita. Kijana kimya. Akamwita tena, na huyu anayeita ni rafiki yake wa kweli kakaa kiti cha pili, anamtazama usoni, msimuliaji, yule anayeendesha gemu, naye anasema tu mamba ameingia majini. Yule wa majini kachachawa hakumbuki hata mwiko wa mwenzie, badala ya kuita mara ya tatu anapiga yowe la mama yake! Sie wengine hatuwezi kumkumbusha, tuko gizani ng'ambo. Kijana hakuitika. Mamba akachukua mguu, na hao marafiki jioni ile waliondoka hawasemezani. Dadu haikurushwa hata moja, na mchezo ule bado unasimuliwa Ngamiani hapa mjini.

Mnaniuliza, si tunafundisha ushirikina? Jamani, penseli na karatasi. Ila mambo ya kombe, yale maandishi ya dini yanayooshwa mtu akanywa, na maneno ya dini mimi siyatii kwenye gemu kabisa, kuna watu wazima wanayaheshimu, tunga vyako.

Msimuliaji nae awe na kazi. Mchezaji akiandika mwiko wake ni kutokula samaki, basi kila nyumba wanayofikia kapikwa samaki, hapa Tanga atakula nini, na mwenyeji akinuna ndo mchezo umeanza.

Muda unakwisha, haya upesi. Call of Cthulhu ya 1981 uchawi unakula akili ya mhusika, someni ile. Ars Magica ya 1987 ina vitenzi vitano na nomino kumi, unaviunganisha kutunga uchawi mwenyewe, nzuri ila meza inabishana mpaka isha. Na ukitaka bei ya dadu: kila ukiroga rusha mbili za pande sita, zikifanana jini anayekupa uchawi anadai zaidi. Nafasi ni moja kwa sita, inaonekana ndogo, lakini ukiroga mara nne usiku mmoja imeshapita nusu. Majini yenyewe tutayaongea siku nyingine.

Karatasi hizo gawaneni. Kila mtu aandike mwiko kabla hajaandika uchawi wowote, na atakayeniandikia "nisiue watu wasio na hatia" namrudishia, huo si mwiko, hiyo sheria ya nchi.