Tangazo la Meli Lisilo na Tarehe

Ndugu mwenyekiti, mabwana mawakala wa meli, na dada zangu wa masoko mliojipanga kule nyuma: walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, wanivumilie. Safari hii nimekuja na bango lenu. Meli nyeupe, bahari ya buluu, binti anacheka, na chini yake "Huduma bora, bei nafuu." Meli inaondoka lini? Haijaandikwa. Inakwenda wapi? Binti mwenyewe hajui.

Oktoba 1817, wafanyabiashara fulani wa New York walitangaza gazetini. Zama zile meli ilikaa bandarini mpaka ijae, na abiria akila akiba yake kwenye nyumba za wageni. Hawa wakaandika kwamba meli yao itaondoka kwenda Liverpool tarehe 5 ya kila mwezi, imejaa au haijajaa. Basi tarehe 5 Januari 1818 ikafika. Theluji inaanguka, na tumbo la meli James Monroe bado lina nafasi. Mfanyabiashara yeyote humu ndani angesema tusubiri kidogo, kuna mteja yuko njiani. Nahodha aling'oa nanga! Kabla ya asubuhi ile tangazo lilikuwa wino tu. Tena walichora duara kubwa jeusi kwenye tanga, na jingine kwenye bendera nyekundu, ili aliye ufukweni aitambue kampuni kabla hajasoma jina la meli. Ndiyo kampuni ya Black Ball hiyo, yaani Mpira Mweusi. Kufikia 1822 washindani nao walikuwa wakitangaza tarehe.

Namwona bwana wa operesheni anatikisa kichwa: mzee, dhoruba je? Gati likikosa nafasi je? Soma tangazo, bwana! Hawakuahidi siku ya kufika. Waliahidi kuondoka, kwa kuwa kuondoka kulikuwa mikononi mwao. Kufika walimwachia Mungu na upepo. Nyinyi mnaahidi "kufika kwa wakati" msikokuweza, mnanyamazia kuondoka mnakokuweza. Wala msinitajie majahazi ya mababu. Wao walikuwa na kaskazi na kusi. Kuanzia Muscat mpaka Kilwa kila mtu alijua msimu. Tangazo la nini tena?

Mwenye kontena lake Lubumbashi au Kigali hanunui picha ya meli. Anataka tarehe, apange lori na fedha za ushuru. Mpe. Ikibadilika, mtumie ujumbe kabla hajakupigia simu yeye. Ujumbe huo unamrudisha kwako mwakani kuliko bango lolote pale Bandari.

Suala la rangi na jina ubavuni mwa meli nitalipitia haraka. Machi 2021 meli ya makontena Ever Given ilikwama kwenye mfereji wa Suez siku sita, ubavuni EVERGREEN, jina la kampuni iliyoikodi, kwa herufi za kutisha, na watu wengi wakadhani ndilo jina la meli. Wenye meli walikuwa Wajapani, nani aliwataja? Anayeandika jina lake ubavuni ajue litasomwa hata siku ya aibu.

Nilikuwa na kisa cha Posidonia, maonyesho ya meli kule Ugiriki, lakini mwenyekiti ameshaangalia saa mara ya pili. Niulizeni kwenye chai. Na nyinyi wa boti za Unguja, saa ya kuondoka iandikeni kubwa kuliko jina la kampuni. Haya, maswali. Bwana wa operesheni, anza wewe.