Karatasi Iliyokunjwa: Lincoln na Agosti ya 1864

KOMBO: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi Kombo, nipo na Bi Zuhura. Leo tupo Marekani, 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeingia mwaka wa nne.

ZUHURA: Anza na ile karatasi, kaka.

KOMBO: Tarehe 23 Agosti. Rais Abraham Lincoln anaingia kwenye kikao cha mawaziri na karatasi aliyoikunja, maandishi hayaonekani. Anawaambia watie saini kwa nyuma. Wanasaini bila kujua wanasaini nini.

ZUHURA: Na ndani?

KOMBO: Ameandika kwamba kuna kila dalili serikali yake itashindwa uchaguzi. Ikishindwa, wajibu wake ni kushirikiana na rais mteule kuuokoa Muungano wa majimbo ya Marekani kabla huyo hajaapishwa, kwa sababu kwa masharti atakayokuwa amepatia kura, baada ya hapo hataweza tena.

ZUHURA: Jeshi analo mkononi, nchi inaungua, na uchaguzi hakuuahirisha?

KOMBO: Hakuuahirisha! Alikuja kueleza Novemba: uasi ukiweza kutufanya tuahirishe uchaguzi, utakuwa na haki ya kusema umeshatushinda. Hapo namvulia kofia.

ZUHURA: Mimi bado. Turudi 1861. Majimbo 11 yamejitenga, yote ya watumwa. Manne yenye watumwa yamebaki: Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware. Agosti hiyo Jenerali Frémont wa jeshi la Muungano anatangaza kwamba watumwa wa waasi wa Missouri wako huru. Lincoln anamtaka alipunguze makali tangazo lake, Frémont anagoma, Lincoln anatoa amri libadilishwe. Mtu keshaambiwa yu huru, kisha anaambiwa hapana!

KOMBO: Tazama ramani, Bi Zuhura. Maryland ikijitenga, Washington imezingirwa. Kentucky imekaa kando ya mto Ohio, ndiyo njia ya kusini. Aliandika mwenyewe kwamba kuipoteza Kentucky ni karibu sawa na kupoteza mchezo mzima.

ZUHURA: Ramani naiona. Nauliza gharama yake aliibeba nani. Hata tangazo lake la ukombozi la Januari 1, 1863, la kuwapa uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi, halikuyagusa majimbo hayo manne.

KOMBO: Halikuyagusa, kweli. Ila lilifungua mlango wa jeshi. Hadi vita vinakwisha, weusi wapatao 180,000 walikuwa wamevaa sare za Muungano. Na vita hivyo vilifika hata kwetu: merikani, kile kitambaa cha pamba kilichokuwa kikija Zanzibar kwa marobota kutoka Massachusetts, kiliadimika sokoni.

ZUHURA: Na Agosti ile ya karatasi, wakubwa wa chama chake wanamwambia: achana na sharti la kukomesha utumwa, kusini watakaa mezani.

KOMBO: Mwezi huohuo akawaambia wageni wake kwamba akiwarudisha utumwani askari weusi waliopigana, atastahili kulaaniwa duniani na akhera.

ZUHURA: Lakini aliyumba, Kombo, tuseme ukweli. Tarehe 24, siku moja baada ya karatasi, aliandika rasimu ya barua ya kupeleka mjumbe kwa Jefferson Davis, rais wa majimbo yaliyojitenga: Muungano urudi, vita vikome, mengine yote yatazungumzwa kwa amani. Na utumwa umo humo kwenye hayo mengine.

KOMBO: Hakuituma.

ZUHURA: Hakuituma. Na siku chache kabla alikuwa amemwita Frederick Douglass, mpinga utumwa aliyezaliwa mtumwa, wapange namna ya kuwatoa watumwa wengi iwezekanavyo kusini kabla serikali haijabadilika. Hapo ndipo aliponigusa. Ameona anaondoka madarakani, anataka na hao watu watoke utumwani.

KOMBO: Kisha Septemba 2 Atlanta, mji muhimu wa waasi, ikaanguka, hewa ikabadilika. Novemba Lincoln alipata kura 212 za wajumbe wanaomchagua rais, mpinzani wake Jenerali McClellan 21.

ZUHURA: Kati ya hizo 21 zimo za Kentucky, jimbo alikozaliwa Lincoln. Na Februari 1865 jimbo hilohilo likayakataa marekebisho ya 13 ya katiba, yaliyokomesha utumwa. Watumwa wake wakangoja hadi Desemba, miezi minane baada ya Lincoln kuuawa. Bado unasema alifanya sawa kumzuia Frémont?

KOMBO: Bado. Bila Kentucky jeshi lingepita wapi kuingia Tennessee? Na bila Tennessee, Atlanta ungeiteka vipi?

ZUHURA: Nami nasema aliyeambiwa yu huru 1861 alikuwa huru, na hakuna ramani ya kumrudisha. Hapo, kaka, hatupatani.