Pointi za hoteli: piga hesabu kabla hujabonyeza

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni sana. Leo ni pointi za hoteli, kwa sababu wengi huko nyumbani mmeshajiunga na mipango ya hoteli inayowapa wageni pointi za kulipia chumba, kama Marriott Bonvoy, Hilton Honors, World of Hyatt au Accor, na swali linalorudi kila mara ni hili: "Nina pointi 50,000, ni sawa na pesa ngapi?" Ndugu zangu, kwa hoteli nyingi pointi haina bei mpaka utafute chumba. Hoteli ile ile, pointi zile zile, wiki hii zinakuokolea dola 150, wiki ya sikukuu zinakuokolea 400. Kwa hiyo kila safari inapigiwa hesabu yake.

Shika simu tufanye pamoja. Fungua app ya hoteli, weka tarehe, washa sehemu ya kuonyesha bei kwa pointi, uiandike pembeni. Kisha rudi kwenye bei ya pesa. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanachukua ile namba kubwa ya mwanzo na kuishia hapo. Usiishie hapo. Nenda mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, ndipo kodi na ada zinapojitokeza. Tuseme chumba ni dola 200, kodi 30, na kuna ada ya resoti 40, yaani ile ada ya kila usiku ambayo baadhi ya hoteli huongeza juu ya bei ya chumba. Jumla 270. Kwa pointi ni 45,000. Gawanya 270 kwa 45,000, unapata senti 0.6 kwa kila pointi.

Lakini ile ada ya resoti ina mambo yake. Hilton na Hyatt hawaitozi ukilipa usiku mzima kwa pointi. Marriott wanaitoza hata kama chumba umekipata kwa pointi tupu. Kwa hoteli inayotoza, dola 40 zinatoka mfukoni mwako vilevile, basi unachookoa ni 230, na thamani inashuka hadi senti 0.51. Kwenye usiku mmoja haionekani kitu. Kwenye usiku sita ni dola 240 unazodaiwa mapokezi wakati ulijua unalala bure.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu nyingi hulisahau. Ukilipa pesa, unachuma pointi. Hilton na Marriott, kwa hoteli zao nyingi, hutoa pointi 10 kwa kila dola ya chumba. Chumba chetu cha dola 200 kingekupa 2,000, na hizo unazikosa ukilipa kwa pointi. Kwa hiyo gharama yako halisi ni 47,000, si 45,000, na ile 270 ukiigawanya kwa 47,000 unapata senti 0.57. Ukiwa na daraja la juu la uanachama, au kukiwa na promosheni, pengo hilo linakuwa kubwa zaidi.

Na bei ya pesa unayolinganisha nayo iwe ile ambayo kweli ungelipa. Kama ungenunua bei ya punguzo isiyorudishwa, weka hiyo kwenye hesabu, usiweke ile ghali ili pointi zako zionekane tamu.

Sasa hiyo senti 0.57 ni nzuri au mbaya? Inategemea ni pointi za nani. Hilton huuza pointi zao kwa senti 1, na mara kwa mara wana ofa ya nyongeza ya asilimia 100, maana yake unazipata kwa nusu senti. Kwa hiyo mimi, pointi za Hilton zikinipa chini ya nusu senti, nalipa pesa na pointi nazitunza. Pointi ya Hyatt ni adimu zaidi, wanatoa 5 tu kwa dola, kwa hiyo usiilinganishe moja kwa moja na ya Hilton. Accor wao hawana mchezo huu: pointi 2,000 ni punguzo la euro 40, wakati wowote. Za Accor hazihitaji kusubiri msimu.

Penye faida kubwa ni usiku wa tano, na hapa naomba usikilize vizuri. Marriott, mwanachama yeyote akiweka usiku tano mfululizo kwa pointi, analipia nne. Hilton nao wanatoa usiku wa tano bure kwa chumba cha kawaida, ila lazima uwe na daraja la Silver au zaidi. Kwa Marriott, usiku unaoondolewa ni ule wa pointi chache kuliko zote. Tuseme usiku tatu ni 40,000 kila mmoja na mbili ni 50,000. Jumla 220,000, wanatoa 40,000, unalipa 180,000. Ungekaa nne tu, tatu za 40,000 na moja ya 50,000, ungelipa 170,000. Usiku wa tano umeupata kwa 10,000! Sharti usiku zote tano ziwe kwenye nafasi moja uliyoweka, jina moja. Ukiigawa tatu kwa mbili, ofa haipo.

Ukiona hoteli ya 60,000 ghafla inadai 210,000, usidhani imepanda bei. Mara nyingi vyumba vya kawaida vimeisha na unaonyeshwa vile vya hadhi ya juu. Sogeza tarehe siku moja au mbili, au jaribu idadi ya watu wawili badala ya watatu.

Kwa wenye kadi za benki za Marekani zinazohamisha pointi: Chase kwenda Hyatt pointi 1 inakuwa 1, Amex kwenda Hilton pointi 1 inakuwa 2. Zikishahama hazirudi benki. Hakikisha chumba kipo kwanza, ndipo uhamishe.

Weka nafasi mapema, kwa sababu nafasi nyingi za pointi zinafutika bila faini mpaka siku chache kabla ya kufika. Soma tarehe ya mwisho kwenye uthibitisho. Bei ikishuka, weka upya kwanza, halafu futa ile ya zamani. Ukinunua kupitia Booking.com au Expedia kwa kawaida huchumi pointi. Na za Marriott, Hilton na Hyatt hufa akaunti ikikaa miezi 24 bila kuguswa, kwa hiyo chuma au tumia hata chache.

Siku ya kuondoka, omba bili iliyochapishwa ukiwa bado mapokezi. Kama umelala Hilton au Hyatt kwa pointi na ukaona ada ya resoti imeandikwa, waonyeshe uthibitisho wako waiondoe hapo hapo, kabla kadi haijakatwa.